Dipoziti, mdhamini, bima au msimamizi: ulinganisho kwa mwenye nyumba anayehofia kuharibiwa makusudi

Saruji ikishakauka ndani ya bomba la choo haitoki. Nililijua hilo siku nilipofungua nyumba yangu ya Kimara baada ya mpangaji kuhama usiku. Sinki la choo lilikuwa limejazwa zege hadi ukingoni, milango miwili imetobolewa, swichi za sebuleni zimeng'olewa na nyaya zinaning'inia. Fundi aliniandikia gharama kwenye karatasi ya daftari: sinki, kuchimbua na kubadilisha bomba 380,000, milango na vitasa 320,000, nyaya na swichi 160,000, kuziba kuta na kupaka rangi 280,000. Jumla shilingi 1,140,000, kwa nyumba iliyokuwa inapangishwa 300,000 kwa mwezi. Mkononi nilikuwa na dipoziti ya mwezi mmoja tu.

Tangu hapo ndugu na majirani wenye nyumba wamekuwa wakiniuliza swali lilelile: kipi bora, kuchukua dipoziti kubwa, kudai mdhamini, kukata bima, au kumlipa mtu asimamie? Karibu yote nimeyajaribu katika nyumba zangu mbili za Dar es Salaam, na mengine nimeyaona kwa shemeji yangu mwenye ploti ya vyumba 12 Kisauni, Mombasa. Kila njia inalinda kitu, na kila moja ina tundu lake. Nitaziweka bega kwa bega ili kila mtu apime kulingana na nyumba yake na mpangaji wake.

Uharibifu tunaouzungumzia

Rangi iliyofifia baada ya miaka mitatu, koki inayovuja kwa sababu mpira wake umekwisha, kitasa kilicholegea, matundu ya misumari ya kutundikia picha: huo ni uchakavu, na ni mzigo wa mwenye nyumba. Kodi unayopokea ndiyo inayoulipia. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali aliyolikuta, lakini haimbebeshi uchakavu wa kawaida. Halafu kuna uzembe: mtoto kavunja kioo kwa mpira, pasi imeunguza kabati. Hapo mpangaji analipa, mnaendelea kuishi vizuri.

Makusudi ni habari nyingine. Ni mtu kuamua kukutia hasara. Kwa Tanzania hilo ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 7. Kwa Kenya ni kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu ya huko, miaka 5.

Nalisema hili mapema kwa sababu wenye nyumba wengi tunayachanganya haya matatu. Anayekata dipoziti ya mpangaji kwa ajili ya rangi iliyozeeka anamdhulumu. Na habari husambaa: mpangaji akishasikia kwa waliomtangulia kwamba kwako dipoziti hairudi, ataitunza nyumba yako kwa sababu gani?

Tutapima kwa nini

Kila njia nitaiuliza maswali matano. Je, inamzuia mtu asiharibu, au inalipa akishaharibu? Gharama yake anaibeba nani? Inataka ushahidi gani? Pesa inapatikana haraka kiasi gani? Na inaufanyaje uhusiano wenu?

Kuna jambo moja ambalo sitalilinganisha na lingine, kwa sababu bila hilo njia zote zinayumba: orodha ya makabidhiano. Siku mpangaji anapoingia, mzunguke naye chumba kwa chumba huku mkirekodi video. Vuta maji ya choo yaonekane yanashuka. Fungua kila koki, washa kila taa, funga na kufungua kila mlango. Andikeni hali ya kila kitu, pamoja na namba ya mita ya LUKU na usomaji wa mita ya maji, mtie saini wote na shahidi mmoja, ikiwezekana mjumbe. Video mtumiane WhatsApp siku hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zenu wote. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ushahidi wa namna hii unapokelewa mahakamani Tanzania.

Mkataba nao ulipiwe ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa nyumba ya 300,000 kwa mwezi ni shilingi 36,000. Wengi tunaikwepa, halafu siku ya kesi tunaambiwa mkataba haupokelewi kuwa ushahidi kwa sababu haujalipiwa.

Dipoziti

Tanzania tuna kasumba moja inayotudanganya. Tukishapokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, tunajiona tumeshika pesa nyingi ya mpangaji, tuko salama. Sivyo. Kodi ile inaliwa mwezi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza umeshika miezi mitano ya mbele; mwezi wa sita hujashika kitu. Na mtu hukasirika mwezi wa sita, pale mnapovutana kuhusu kupandisha kodi au kuhama. Yaani ulinzi unakwisha wakati hatari ndiyo inaanza. Ndiyo maana dipoziti lazima itenganishwe na kodi, iandikwe kwenye mkataba kwa jina lake, na itolewe risiti yake.

Kenya mambo yamegeuka. Kodi inalipwa kila mwezi, na dipoziti ya mwezi mmoja au miwili ni jambo la kawaida. Lakini shemeji yangu ananiambia tatizo lake: mwezi wa mwisho mpangaji halipi, anasema "kata kwa dipoziti." Ukikubali, umemruhusu aile dipoziti kama kodi, na siku anaondoka huna cha kuziba hata kioo. Yeye siku hizi anaandika kwenye mkataba kwamba dipoziti si kodi ya mwezi wa mwisho, na hapindishi hata kwa mpangaji mzuri.

Inazuia au inalipa? Vyote viwili, kidogo kidogo. Mtu mwenye laki tatu zake kwako anafikiri mara mbili, ilimradi anaamini zitarudi. Imani hiyo ikiisha, kizuizi kimeisha.

Gharama anaibeba mpangaji, na hapa ndipo ugumu ulipo. Anayetafutiwa kodi ya miezi sita, pesa ya dalali ya mwezi mmoja, gari la kuhamisha vyombo na dipoziti juu yake, ni mtu anayehitaji zaidi ya milioni mbili na laki nne kwa siku moja ili aingie kwenye nyumba ya laki tatu. Ukipandisha dipoziti kuwa miezi mitatu unawafukuza watu waadilifu wasio na akiba, na nyumba inakaa tupu. Njia niliyoiona inafaa ni kupunguza kodi ya mbele ili kupata nafasi ya dipoziti: badala ya miezi sita, miezi minne ya kodi na miwili ya dipoziti. Mpangaji anatoa pesa ileile, lakini wewe una kinga hadi siku ya mwisho.

Ushahidi unaohitajika ni mdogo, kwa kuwa pesa iko kwako. Kasi yake haina mpinzani: unakata siku hiyohiyo. Lakini urahisi huo unawashawishi wenye nyumba kuwa mahakimu katika kesi yao wenyewe. Sheria ya Ardhi haijaweka kiwango cha dipoziti wala muda wa kuirudisha, kwa hiyo mkataba ndio unaoamua. Andika siku: kwa mfano, ndani ya siku 14 baada ya funguo, pamoja na maelezo na risiti za kila kilichokatwa. Uingereza na Wales walilitatua kwa kuiondoa pesa mikononi mwa mwenye nyumba. Tangu Aprili 2007 dipoziti ya upangaji wa kawaida wa nyumba za kuishi lazima iwekwe chini ya mpango wa ulinzi uliothibitishwa na serikali. Sisi hatuna mpango huo, lakini hakuna anayekukataza kuiweka kwenye akaunti ya peke yake usiiguse. Mimi ndivyo ninavyofanya sasa.

Inamfaa mwenye nyumba moja au mbili, wapangaji wenye kipato cha kueleweka, na hofu ya uharibifu mdogo au wa kati. Haimfai anayehofia hasara ya mamilioni, kwa sababu dipoziti haifiki huko.

Mdhamini

Mdhamini ni mtu anayeahidi kwa maandishi kwamba mpangaji akishindwa kulipa kodi au hasara, yeye atalipa. Sheria ya Mikataba inaitambua dhamana hiyo, na deni la mdhamini linakuwa sawa na la mpangaji mwenyewe isipokuwa mkataba umeweka kikomo.

Nguvu yake kubwa ni katika kuzuia. Kijana anayeweza kukuchezea wewe usiye nduguye hatapenda mjomba wake aitwe kulipia choo alichokijaza zege. Aibu ya ukoo ina nguvu kuliko notisi ya wakili. Gharama yake kwa pande zote ni ndogo sana, muda na saini tu, kwa hiyo haimfungii mlango mtu mwadilifu asiye na akiba.

Kwenye kulipa, ni dhaifu zaidi. Pesa haiko mkononi mwako. Itabidi umdai, na pengine umshtaki. Na kuna mitego. Wa kwanza: mdhamini wa jina tu, asiye na kipato wala anwani. Mtake kitambulisho cha NIDA, mahali anapofanya kazi, na ukutane naye ana kwa ana. Mimi siku hizi namwomba aje siku ya makabidhiano naye aione nyumba. Wa pili ni wa kisheria na wengi hawaujui: ukibadilisha masharti ya mkataba bila ridhaa ya mdhamini, kwa mfano ukipandisha kodi mwaka wa pili, mdhamini hawajibiki kwa yanayofuata baada ya mabadiliko hayo. Kila mkataba unapofanywa upya, mdhamini atie saini upya.

Kuhusu uhusiano, wapo wapangaji watu wazima wanaoona ni kudhalilishwa kuulizwa mdhamini. Mama wa miaka 50 mwenye biashara yake Kariakoo ukimwambia alete mtu wa kumdhamini atakuona humheshimu. Kwake dipoziti ni lugha nzuri zaidi.

Inafaa kwa wanafunzi, vijana wa kazi ya kwanza, na wapangaji wa vyumba vya bei nafuu. Kuna sura yake moja bora kuliko zote: mwajiri kusaini mkataba kwa niaba ya mfanyakazi wake. Hapo mpangaji wako ni kampuni yenye ofisi na akaunti.

Bima

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia wakidhani wamelindwa.

Bima ya kawaida ya nyumba huanzia kwenye moto na radi. Juu yake unaweza kuongeza mafuriko, tetemeko, ghasia na migomo, na uharibifu wa makusudi. Ukiona hayo maneno ya mwisho unatulia. Usitulie. Mara nyingi kifungu hicho kimeandikwa kwa ajili ya watu wa nje: kundi la watu wanaorusha mawe, mwizi anayevunja. Bima nyingi zinaondoa uharibifu unaofanywa na mtu aliyeko ndani ya nyumba kihalali. Mpangaji wako yuko ndani kihalali. Wewe mwenyewe ndiye uliyempa funguo. Kwa hiyo swali la kumuuliza wakala wa bima ni hili moja: "Mpangaji wangu mwenyewe, au mgeni wake, akiharibu nyumba kwa makusudi, mtalipa?" Jibu lake liwe kwenye hati ya bima. La mdomo halitakusaidia siku ya madai. Na usifiche kwamba nyumba unaipangisha. Ukiikatia bima kama makazi yako, umeipa kampuni sababu ya kukataa.

Uliza pia kiasi utakachochangia mwenyewe katika kila dai. Kikiwa 500,000, kwenye hasara yangu ya 1,140,000 ningepata 640,000. Kikiwa milioni moja ningepata 140,000, na pengine usumbufu usingestahili. Kisha kuna kanuni ya wastani: nyumba ambayo kuijenga upya ni milioni 80 ukiikatia bima ya milioni 40 ili ulipe ada ndogo, basi hata hasara ya milioni 2 utalipwa milioni moja, kwa sababu umekata nusu ya thamani. Thamani hiyo ni ya kulijenga jengo, bila kiwanja, kiwanja hakiungui. Bima nyingi pia zinapunguza ulinzi nyumba ikikaa tupu muda mrefu, mara nyingi siku 30, na huo ndio muda ambao nyumba baada ya ugomvi huwa haina mtu.

Kwa kigezo cha kuzuia, bima ni sifuri. Mpangaji hata hajui ipo. Gharama ni yako kila mwaka, pamoja na VAT kwa Tanzania. Ushahidi unaotakiwa ni mwingi kuliko njia zote: taarifa ya polisi, picha za kabla na baada, makadirio ya fundi, mkataba, na kutoa taarifa mapema. Kasi ni ya wiki au miezi. Kwa uhusiano haina madhara, kwani haimgusi mpangaji.

Ila ukiweka mizani upande wa ukubwa wa hasara, picha inabadilika. Mtu akiichoma nyumba moto, dipoziti ya miezi miwili ni nini? Moto uliowashwa na mtu mwingine bila wewe kuhusika kwa kawaida huhesabiwa kuwa moto, na hapo bima ndiyo pekee kati ya njia hizi inayoweza kuijenga nyumba upya. Unaweza hata kuongeza kinga ya kodi utakayokosa wakati wa ujenzi. Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni na wakala wako wamesajiliwa na mamlaka ya bima: TIRA kwa Tanzania, IRA kwa Kenya. Na kama nyumba ina mkopo wa benki, bima ambayo benki ilikukatisha isome kwa makini, maana iliwekwa kwanza kuulinda mkopo.

Inamfaa mwenye jengo la thamani kubwa, ghorofa, au nyumba iliyojengwa kwa mkopo. Kwa chumba na sebule zenye milango ya mbao, dipoziti na mdhamini vitamfikia mapema zaidi.

Msimamizi na ukaguzi

Dalali anakuletea mpangaji, anachukua pesa yake ya mwezi mmoja, safari yake imeishia hapo. Msimamizi anabaki. Anakusanya kodi, anapokea malalamiko, anaita mafundi, anakagua. Malipo yake mara nyingi ni kati ya asilimia 5 na 10 ya kodi. Kenya, ambako mawakala wa nyumba husajiliwa na bodi yao kwa mujibu wa sheria, ploti nyingi zina pia keateka, yaani mtunza nyumba, anayeishi palepale. Tanzania nafasi hiyo mara nyingi inashikwa na mlinzi au ndugu aliyepewa chumba cha uani.

Katika kuzuia, sijaona kinachoshinda jicho la mtu wa karibu. Ugomvi huonekana kabla haujafika kwenye nyundo. Keateka wa shemeji yangu alimpigia simu kumwambia mpangaji wa chumba cha saba ameanza kuhamisha vyombo usiku kidogo kidogo. Shemeji akaenda asubuhi, wakaelewana kuhusu deni, chumba kikakabidhiwa kizima.

Ukaguzi una mipaka yake. Sheria ya Ardhi inampa mwenye nyumba haki ya kuingia kuangalia hali ya jengo kwa saa zinazofaa na baada ya taarifa ya kutosha. Kugonga saa mbili usiku, au kuingia kwa funguo za akiba mpangaji akiwa kazini, ni kumvunjia faragha ambayo Katiba ya Tanzania inailinda katika ibara ya 16. Mara moja kila miezi mitatu, kwa taarifa ya siku kadhaa, inatosha. Kamera ziishie getini na uani, mpangaji aambiwe zipo, ndani kamwe. Picha za watu na nakala za vitambulisho sasa ni taarifa binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022 ya Tanzania na ile ya 2019 ya Kenya, kwa hiyo zitunze, usizisambaze kwenye makundi ya wenye nyumba.

Kwenye kulipa, msimamizi halipi kitu. Ila ripoti zake na picha za kila robo mwaka ndizo zinazoipa nguvu dipoziti, dhamana na bima. Udhaifu mkubwa ni mtu mwenyewe: msimamizi mwenye kiburi anaweza kuwa ndiye anayewasha moto. Inamfaa mwenye nyumba nyingi, na zaidi aliye mbali, Muscat, Toronto au hata Mwanza huku nyumba iko Tanga.

Kusamehe deni ili mkabidhiane funguo

Njia hii haimo kwenye mikataba lakini inatumika sana, na mimi naiheshimu. Mpangaji amekwama, anadaiwa miezi miwili, hasira zimepanda. Unamwambia: hama ifikapo tarehe fulani, nikikuta nyumba nzima nitakusamehe deni. Wengine wanamwongezea nauli ya gari la vyombo.

Inaonekana kama kumlipa mkosaji. Lakini fanya hesabu. Katika mkasa wangu, mpangaji alikuwa anadaiwa 600,000. Ukweli ambao sikuueleza mwanzo ni kwamba nilifunga koki kuu ya maji siku nne ili kumshinikiza, na ndani mlikuwa na mtoto mchanga. Zege ilikuja baada ya hapo. Alichofanya ni kosa, nami nilichofanya sikuwa na haki nacho, kwani kumtoa mpangaji ni kazi ya amri halali, si ya koki. Ningemsamehe laki sita, ningepoteza laki sita. Sikumsamehe, nikapoteza laki sita na milioni moja na laki moja na arobaini elfu, kasoro dipoziti.

Inazuia vizuri pale ambapo mtu hana tena cha kupoteza. Gharama ni yako yote. Ushahidi: makubaliano ya ukurasa mmoja, yenye tarehe, sharti la hali ya nyumba, na shahidi. Msamaha uanze kufanya kazi baada ya ukaguzi na funguo, si kabla. Kama una bima na kuna uharibifu umeshatokea, zungumza na kampuni kwanza, kwa sababu ikishakulipa inachukua nafasi yako ya kumdai aliyeharibu, na ukiwa umeshamsamehe kwa maandishi unaweza kuharibu dai lako. Haimfai mwenye wapangaji wengi kwenye ua mmoja. Habari zikifika vyumba vingine, kila mtu atasubiri asamehewe.

Vifaa vigumu, na safari ya polisi

Kuta za rangi ya mafuta, mlango wa mbao ngumu, taa bila dari ya gipsamu, vinapunguza bili ya kila uharibifu. Ni uamuzi mzuri wakati wa ujenzi au ukarabati, hasa kwa vyumba vinavyobadilisha watu kila mwaka. Kwa nyumba ya mpangaji anayelipa milioni mbili, utapoteza soko.

Polisi na mabaraza huja baadaye. Jinai inataka ithibitishwe pasipo shaka ya msingi kwamba ni yeye na kwamba alikusudia. Akitiwa hatiani, mahakama inaweza kumwamuru akulipe fidia. Migogoro ya upangaji Tanzania huanzia kwa usuluhishi wa Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 halina tena mamlaka ya kuamua, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Chukua RB, namba ya taarifa yako polisi, hata kama huna nia ya kushtaki, kwa kuwa bima na mdhamini wote wataiuliza.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Una vyumba vya bei nafuu na wapangaji vijana: mdhamini anayeonekana, dipoziti ya mwezi mmoja, na mtu anayeishi uani. Bima ya moto peke yake itatosha kwa jengo zima.

Una nyumba moja ya familia unayoitegemea kusomesha watoto: dipoziti ya miezi miwili iliyopatikana kwa kupunguza kodi ya mbele, mkataba uliolipiwa stempu, ukaguzi wa kila miezi mitatu unaoufanya mwenyewe kwa adabu.

Una apatimenti za samani na wapangaji wa kampuni: mwajiri asaini, bima iliyoandika wazi kwamba uharibifu wa mpangaji umo, na orodha ya kila kifaa hadi jokofu. Dhamana ya mtu binafsi hapa haina kazi.

Uko nje ya nchi: weka pesa yako ya kwanza kwa msimamizi, halafu bima. Dipoziti iwe kwenye akaunti anayoweza kuiona lakini hawezi kuitoa peke yake. Ukimpa ndugu kazi hii, mpe na malipo na mkataba, kwa ajili ya kuulinda udugu wenu.

Unapanga kubomoa au kuuza, na mpangaji lazima aondoke: anza na msamaha wa mwezi mmoja au miwili kabla ya maneno makali kutoka.

Na kama sasa hivi mpangaji yumo ndani, mmeshakosana, na huna lolote kati ya haya: usiguse maji, usiguse umeme, usibadilishe kitasa. Peleka notisi kwa maandishi, omba ukaguzi kwa tarehe, kisha nenda mchana, ukiwa na mjumbe, ukiwa umeshika risiti ya dipoziti yake ili aone kwamba hujaisahau.